Kruzi ya Hilux inakataa kushika: anzia kwenye pedali ya breki

Msomaji ameniandikia kuhusu kruzi, yaani mfumo unaoshika mwendo bila mguu kwenye mafuta. Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Habari ya kazi, fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kahawa Sukari. Nina Hilux dabo kebini ya 2016, dizeli, gia otomatiki, niliyoinunua kwa kampuni iliyokuwa ikiuza magari yake ya kazi. Kila baada ya wiki mbili naenda shambani Ol Kalou na kurudi, na goti langu la kulia halitaki tena kukanyaga mafuta saa mbili mfululizo, kwa hiyo kruzi kwangu si anasa. Mwezi mzima sasa imegoma. Nikibonyeza kitufe cha kuiwasha, taa ya kruzi inaonekana vizuri kwenye dashbodi. Nikifika 80 nikashusha ule mkono mdogo wa kruzi nyuma ya usukani kwenye SET ili ishike mwendo, hakuna kinachoshika. Hakuna taa ya onyo. Honi inalia. Fundi wa kwanza amesema ule mkono wa kruzi umekufa. Wa pili ameunganisha mashine yake, akasema kompyuta ya injini ndiyo mbovu na anataka elfu 85. Nilifungisha kanopi ya kufunika sehemu ya mizigo mwezi wa Mei, sijui kama kuna uhusiano. Nianzie wapi?"

Mwalimu, pole kwa goti, na hizo elfu 85 zibaki benki kwanza.

Acha niiondoe hiyo kompyuta njiani, kwa sababu ndiyo inayotaka kukula pesa. Katika Hilux yako pedali ya mafuta haivuti kamba yoyote. Unakanyaga, sensa inapima umekanyaga kiasi gani, kompyuta inasoma na kuamua dizeli ngapi iingie. Kruzi ni kipande kidogo cha programu ndani ya kompyuta hiyo hiyo: inaacha kusikiliza mguu wako, inasikiliza mwendo uliouchagua. Hakuna mota ya kruzi wala mipira ya hewa kama ilivyokuwa kwenye pikapu za miaka ya 90. Sasa kompyuta inayowasha gari asubuhi, ikalipandisha mpaka Flyover, kwenye njia yako ya Ol Kalou, bila kukatakata, ikabadilisha gia vizuri kwenye ukungu wa Njabini, haiwezi kirahisi kuwa imekufa upande wa kruzi peke yake. Nimefanya umeme wa magari Industrial Area kwa miaka mingi. Kompyuta za injini nilizoziona zimekufa ziliuawa na maji, au na mtu aliyechomelea bodi bila kufungua betri. Na zikifa, gari zima linajua.

Ninachokiona mimi ni kompyuta inayofanya kazi yake sawasawa. Kuna kitu kinaiambia kwamba si salama kushika mwendo, nayo inatii. Mfikirie askari wa geti la mtaa wenu. Mgeni anaweza kuja na gari zuri na kulitaja jina la mwenye nyumba, lakini bila kitambulisho geti halifunguki. Kruzi imepangwa vivyo hivyo: kukubali inataka masharti yote, kukataa inatosha sharti moja. Kazi ya fundi ni kutafuta ni kitambulisho gani kinachokosekana. Kubadilisha geti zima ni kazi ya mtu asiyetaka kuuliza.

Masharti yenyewe si mengi. Kitufe kikuu kiwe kimewashwa. Gari liwe linakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa hivi. Gia iwe kwenye D, au ukiwa kwenye S, pale unapochagua gia mwenyewe, basi iwe 4 kwenda juu, na hapa nimeona watu wengi wakihangaika bure kwa sababu mkono wa gia uliteleza kwenda S3 bila wao kujua. Kusiwe na hitilafu ya injini, ya ABS (inayozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) wala ya kuzuia kuteleza iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Na la mwisho, ambalo ndilo nitakaa nalo hapa: mguu usiwe kwenye breki. Au tuseme vizuri zaidi, kompyuta isiwe *inadhani* mguu uko kwenye breki.

Kabla ya breki, tumalizane na fundi wa kwanza, yule aliyelaumu mkono. Hakukosea sana, lakini ushahidi wako unamkataa. Kwenye Toyota nyingi zenye mkono huu mdogo nyuma ya usukani, amri zote zinapita kwenye waya mmoja. Kila amri ina ukinzani wake, na kompyuta inatambua umebonyeza nini kwa kuupima. Kitufe kikuu kikibonyezwa, ukinzani unashuka karibu na sifuri. RES, ya kurudia mwendo wa awali, ni kama omu 240 (omu ndicho kipimo cha ukinzani), SET ni kama 630, CANCEL, ya kuiachia, ni kama 1,540. Usiposhika chochote, ni zaidi ya 10,000. Taa yako ya kruzi inawaka, maana yake waya ule ni mzima kuanzia kwenye mkono mpaka kwenye kompyuta, pamoja na ule utepe wa nyaya unaojikunja ndani ya usukani. Utepe huo ungekuwa umekatika, honi nayo ingenyamaza au taa ya eabegi ingewaka, kwa sababu zote zinapita humo. Kinachoweza kubaki kibovu ni kiguso cha SET peke yake, ndani ya mkono. Inawezekana, nimeiona, lakini si mara nyingi. Fundi mwenye mita anaithibitisha kwa dakika kumi: anavuta plagi ya mkono, anaweka mita kwenye nyaya zake mbili, anashusha mkono kwenye SET. Ikisoma kati ya 617 na 643, mkono ni mzima na usinunue mwingine. Muhimu tu, usukani usifunguliwe kabla betri haijakatwa na kuachwa dakika moja na nusu au zaidi, kwa sababu ya eabegi. Hilo silo la kufanyia haraka.

Sasa breki.

Kesho asubuhi gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare, vuta hendibreki mpaka ishike sawasawa. Washa ufunguo mpaka dashbodi iwake, injini si lazima. Weka miguu yote miwili sakafuni, mbali na pedali. Sasa jaribu kutoa gia kwenye P, ile ya kuegesha. Inatakiwa ikatae kabisa. Gari la otomatiki limefungwa gia kwenye P mpaka lione breki imekanyagwa, na linaona breki kupitia waya ule ule wa taa za breki ambao kompyuta inautazama kwa ajili ya kruzi. Gia ikitoka bila wewe kugusa breki, basi jibu tumelipata bila kulipa shilingi: gari linadhani unafunga breki muda wote, na ndiyo maana kruzi haishiki. Irudishe P.

Kisha rudia ukiwa umewasha taa ndogo. Kisha rudia ukiwa umewasha taa kubwa. Mara tatu, na uandike matokeo ya kila moja, kwa sababu hapo ndipo kanopi yako inapoingia.

Uliuliza kama ina uhusiano. Nadhani upo, na nitakueleza kwa nini nimeanza kuishuku tangu niliposoma mstari ule. Kanopi nyingi zinakuja na taa ya tatu ya breki juu ya mlango wa nyuma. Anayeifunga anahitaji umeme wa breki, kwa hiyo anachuna waya wa taa ya nyuma, anazungusha wake, anapiga tepu. Waya wa ardhi, yaani ule wa kurudisha umeme, anaufunga popote kwenye bodi, mara nyingi juu ya rangi. Ikiwa pikapu yako bado ina balbu za kawaida nyuma, ile balbu moja ina nyuzi mbili ndani yake: wati 5 ya taa ndogo na wati 21 ya breki, na zote mbili zinatumia ardhi moja. Ardhi hiyo ikilegea au ikishika kutu, umeme wa taa ndogo unakosa njia ya kurudi kwenye bodi. Umeme haukai ukisubiri. Unapita kwenye uzi wa breki kinyumenyume, unapanda kwenye waya wa taa za breki mpaka mbele, na kompyuta inaona volti mahali ambapo pasingekuwa na kitu. Kwake hiyo ni breki.

Dalili ya ugonjwa huu ni ya ajabu mpaka uielewe: kruzi inashika mchana na kukataa usiku. Au inashika mpaka uwashe taa kwa sababu ya ukungu. Wewe unapita Njabini asubuhi taa zikiwa zimewashwa, kwa hiyo nataka nijue: umewahi kuijaribu mwezi huu taa zikiwa zimezimwa kabisa? Wakati mwingine umeme unaorudi ni mdogo, hautoshi kuachilia gia kwenye P lakini unatosha kuichanganya kompyuta. Ndiyo maana jaribio la gia likipita salama bado fundi aweke mita kwenye waya wa taa za breki, mguu ukiwa mbali na pedali, akiwasha na kuzima taa. Isome sifuri au karibu na sifuri kila mara. Ikipanda hata volti mbili tatu taa zikiwashwa, aende nyuma moja kwa moja, afungue taa ya kulia na ya kushoto, asugue ardhi mpaka chuma king'ae, na maunganisho ya kanopi ayafanye upya kwa solda na mpira wa kubanisha.

Na kama aliyekufungia kanopi alikubadilishia balbu za nyuma akaweka za LED, niambie. Kwenye baadhi ya magari, hasa ya zamani, balbu ya kawaida ya breki ndiyo inayouvuta waya ule chini mpaka sifuri wakati hujakanyaga. Ukiitoa na kuweka LED, waya unabaki ukielea, na kompyuta haina uhakika. Balbu zote za breki zikiungua kwa pamoja linatokea jambo lile lile.

Tuseme kanopi haina kosa. Basi tunapanda mbele, juu ya pedali.

Ukiinama chini ya usukani na tochi, ukifuata mkono wa pedali ya breki kwenda juu, utaona swichi ndogo ya plastiki, kubwa kama kidole gumba, ina kipini kinachosukumwa ndani na mkono wa pedali. Ina nyaya nne. Hizo nne ndizo siri yote ya jambo hili, na ndizo zinazowapotosha mafundi wengi waaminifu. Wanakanyaga breki, wanatazama nyuma, taa zinawaka, wanasema swichi ni nzima. Wameangalia nusu. Ndani ya swichi ile kuna jozi mbili za viguso zinazofanya kazi kinyume. Jozi ya kwanza iko wazi ukiwa hujakanyaga, na inajifunga ukikanyaga: hiyo ndiyo ya taa. Jozi ya pili imefungwa ukiwa hujakanyaga, na inafunguka ukikanyaga: hiyo ndiyo kompyuta inayoitumia kuhakikisha kwamba ya kwanza haidanganyi. Kompyuta inataka zote mbili zikubaliane. Ya pili ikifa, taa zako za breki zitawaka kila siku, mtu wa nyuma ataziona, na kruzi haitashika kamwe.

Watengenezaji waliweka viguso viwili kwa sababu hawakutaka maisha ya mtu yategemee kipande kimoja cha shaba. Gari likiwa na kruzi, breki ndiyo inayosema "acha" kwa sauti kubwa kuliko zote, na sauti hiyo inapita njia mbili ili moja ikikatika nyingine isikike.

Kuipima ni rahisi. Swichi inatoka kwa kuizungusha robo mzunguko. Kipini kikiwa kimesukumwa ndani, jozi ya taa isisome chochote na jozi ya kruzi isome karibu sifuri. Ukiachilia kipini, zibadilishane. Ikiwa jozi ya kruzi inasoma makumi au mamia ya omu, au inarukaruka ukiitikisa kidogo, umeikuta. Vumbi linaingia, viguso vinapata ukoko, na upande wa kruzi unachafuka kirahisi kwa sababu umeme wake ni mdogo mno kuunguza uchafu. Upande wa taa una tatizo la pili: taa mbili za wati 21 zinavuta karibu ampea 3.5, na kila taa unayoongeza inaongeza mzigo juu ya viguso vile vile.

Kabla hujaitoa swichi, tazama zulia. Kwenye magari mengi ya Kijapani kuna kizibo kidogo cha mpira au plastiki kilichopachikwa kwenye mkono wa pedali, mahali kipini cha swichi kinapogusa. Kinakauka kwa miaka na siku moja kinapasuka. Utakuta vipande chini ya pedali, vidogo, vya rangi ya samawati au nyeupe au nyeusi, kama makombo ya biskuti, na watu wanavifagia wakiosha gari bila kujua walichofagia. Kizibo kikitoka, kipini kinapenya kwenye tundu, swichi inadhani breki imekanyagwa, taa za breki zinabaki zimewaka mchana na usiku. Ulisema hakuna taa ya onyo, lakini dereva haoni taa zake za nyuma. Rudisha gari karibu na ukuta usiku utazame kwenye kioo kama kuna wekundu unaozidi wa taa ndogo. Au mwombe askari wenu wa geti akutazamie unavyokanyaga na kuachilia. Taa zisipowaka kabisa ukikanyaga, anza na fyuzi iliyoandikwa STOP kabla ya kitu kingine, na siku hiyo gari lisitoke barabarani mpaka zimewaka.

Kwa hili la mwisho nakusihi kwa dhati, Mwalimu. Wewe unarudi kutoka Ol Kalou jioni, malori nyuma yako. Kruzi iliyogoma inaweza kuwa ndiyo njia pekee ambayo gari lilipata ya kukuambia kwamba taa zako za breki hazisemi ukweli. Ndiyo maana kila kruzi inayonijia naitazama kwanza nyuma ya gari.

Jambo la tatu ninalolishuku ni historia ya pikapu yenyewe. Ilikuwa ya kampuni. Magari ya kampuni hapa kwetu karibu yote yamefungwa traka, na mengine yamewahi kufungwa gavana ya mwendo, na gari likiuzwa mara nyingi vinatolewa nusu nusu: kisanduku kinaondoka, nyaya zinabaki. Nilipata pikapu moja, si ya aina yako, ambayo kruzi ilikuwa ikikubali asubuhi na kukataa baada ya saa sita. Tulipofungua plastiki ya chini ya usukani nikakuta waya mmoja mwembamba wa swichi ya breki umechunwa ngozi kiasi cha kucha ya kidole. Palizungushiwa waya wa traka, na traka yenyewe haikuwepo tena. Tepu nyeusi ilikuwa imeyeyuka gundi kwa joto la miaka. Ndani, kati ya nyuzi zote za shaba, zilibaki tatu, na zilikuwa za kijani. Gari likipata joto, zinaachana. Kazi nzima ilikuwa kukata sentimita tano za waya na kuunganisha upya. Kwa hiyo mwambie fundi wako afungue plastiki ile na atazame kwa macho kila mahali penye tepu ambayo si ya kiwandani. Ya kiwandani utaitambua, imezungushwa sawasawa na haina gundi inayokamata vidole.

Mwendo nitaupita haraka, kwa sababu dalili zako haziuelekezi. Hilux inapata mwendo wake kutoka kwenye sensa za magurudumu kupitia kompyuta ya ABS. Sensa moja ikipigwa na jiwe au waya wake ukikatwa na mashine ya kuosha gari yenye presha, taa ya ABS inawaka na kruzi inakataa. Kwako hakuna taa. Ila hakikisha kwamba taa zenyewe zipo: ukiwasha ufunguo, ya injini, ya ABS na ya kuteleza zote ziwake kwa muda kisha zizime. Nimekuta gari la mtumba ambalo mtu alizima taa ya injini kwa makusudi ili liuzike. Kama kuna moja isiyowaka kabisa mwanzoni, hilo ni swali la kumuuliza aliyekuuzia. Ukiwa kwenye gia za chini za 4x4 pia usitegemee kruzi. Na kwa wasomaji wenye gia za mkono, pedali ya klachi nayo ina swichi yake, ipimeni kwa njia hiyo hiyo. Wenye pikapu mpya zenye kruzi inayojipunguza yenyewe nyuma ya gari lingine, tazameni kama bulbaa (vyuma vya kinga vya mbele) au matope hayajafunika rada iliyo mbele.

Kuhusu ile mashine ya fundi wa pili. Siidharau mashine, naitumia kila siku. Lakini mwulize swali moja: ilisoma namba gani ya hitilafu? Kompyuta haisemi "mimi ni mbovu" kirahisi. Ikiwa namba ni P0571 au P0504, hizo zote mbili ni za swichi ya breki, ya pili ikimaanisha viguso viwili havikubaliani. Ikiwa ni P0500, ni sensa ya mwendo. Ikiwa hakukuwa na namba yoyote, basi hakusoma ubovu, alikisia. Na kuna kitu bora kuliko namba. Mashine inayozungumza lugha ya Toyota inaweza kuonyesha mubashara kama kompyuta inaiona breki imekanyagwa au la. Akae kwenye kiti, mguu mbali, atazame kioo cha mashine: mistari ya swichi ya breki iseme haijakanyagwa. Akanyage, ibadilike yote kwa pamoja. Kisha ashushe mkono kwenye SET aone kama nayo inaonekana. Vile vidude vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu vitakusomea namba, lakini vingi havionyeshi mistari hii.

Sasa onyo. Kuna njia ya mkato ambayo huenda ukapewa, na nimeiona kwa macho yangu: fundi anachukua kipande cha waya, anaunganisha moja kwa moja nyaya mbili za upande wa kruzi, swichi inarukwa. Kwenye gari la zamani kruzi inaweza kurudi papo hapo na mteja akaondoka akishukuru. Ile njia ya pili ya kusema "acha" imekufa, na hajui. Siku taa za breki zikikosa fyuzi, atakanyaga breki na injini itaendelea kusukuma. Kompyuta kama yako italigundua na kuweka P0504, kwa hiyo hata faida yenyewe haipo. Akikupendekezea hivyo, funga boneti, mshukuru, ondoka.

Mtu aliyebuni kruzi, Ralph Teetor, alikuwa mhandisi Mmarekani aliyepofuka akiwa mtoto wa miaka mitano. Alipewa hataza yake mwaka 1950, na Chrysler wakaiweka kwenye magari ya 1958. Hakuendesha gari. Alikuwa abiria, na aliusikia mwendo kwa mwili wake: dereva akiachia, akiongeza, akiachia. Nakutajia kwa sababu ni kama unaniomba msamaha kwa kutaka kruzi, kana kwamba ni uvivu. Kilichotafutwa tangu mwanzo ni mwili wa mtu upumzike na gari litulie. Goti lako lina haki.

Ikitokea ni swichi ya breki, ivue uende nayo mkononi kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Usiende na jina la gari tu, kwa sababu zipo za nyaya mbili zinazofanana nayo kwa umbo na muuzaji mwenye haraka atakupa. Hesabu pini nne, linganisha plagi, linganisha urefu wa kipini. Ukiweza kupata halisi, lipa tofauti. Ukikosa, mtumba kutoka kwenye gari lililovunjwa, ukiwa umeupima kwa mita pale pale dukani, naupendelea kuliko mpya wa bandia. Wakati wa kuifunga, swichi inasukumwa mpaka iguse mkono wa pedali, kisha inazungushwa robo ijifunge, na inabaki nafasi ya milimita moja au mbili kati ya mwili wa swichi na kizibo. Ikisukumwa ndani sana, taa zitachelewa kuwaka. Ikibaki nje sana, breki itaonekana imekanyagwa muda wote, na utarudi kulekule ulikotoka.

Usitoke gereji kabla mtu hajasimama nyuma ya gari na kukuambia taa zote tatu, pamoja na ile ya kanopi, zimewaka na zimezima. Kisha nenda uijaribu Jumapili asubuhi na mapema, Thika Road upande wa Ruiru kwenda Juja, kabla matatu hazijajaa. Fika 70, shusha mkono, subiri ishike, halafu gusa breki kidogo sana, kwa uzito wa mguu tu bila kusukuma. Lazima iachie hapo hapo. Ikishika vizuri lakini ikachelewa kuachia hata kidogo, izime kwa kitufe kikuu, usiitumie tena, na ulirudishe gari.

Niandikie matokeo ya gia kwenye P, mara tatu: taa zimezimwa, taa ndogo, taa kubwa. Na namba ambayo ile mashine ilisoma, kama ipo.